KUTEREMKA SI KUSHINDWA
Somo kwa vikundi vyenye wanachama wanaobeba mizigo mlimani



Mara nyingi katika ukurasa huu wa somo tunaongea juu ya mbuzi wa maziwa, miche, visima na vitabu vya hesabu. Leo tunapanda juu kidogo. Tunaongea juu ya kazi ya kubeba mizigo ya wageni wanaopanda Mlima Kenya. Katika vijiji vilivyo karibu na mageti ya Naro Moru, Sirimon na Chogoria, hii kazi inalipa karo, inanunua mbolea na inaezeka nyumba mabati. Wakati wa kiangazi, shamba likiwa limelala, kuna nyumba ambazo hazina pesa nyingine ila hiyo.

Hatujaja kuikataza. Tumekuja kwa sababu inaweza kuua, na inaweza kuua kwa njia ambayo kikundi kinaweza kuizuia.

Wewe unayeishi mbali na mlima, usifunge gazeti. Mtu anayeficha ugonjwa ili asipoteze kibarua yuko pia kwenye machimbo ya mawe, kwenye visima na kwenye mashamba makubwa. Someni pamoja nasi, halafu mbadilishe mfano ufanane na kazi yenu.

NAMNA YA KUTUMIA SOMO HILI

Tengeni saa moja na nusu. Mtu mmoja asome kwa sauti, polepole, akisimama mwisho wa kila sehemu ili watu waulize. Mtahitaji vitu vitatu: mtungi wa plastiki wa lita 20 uliojaa maji, kamba ndefu ya kulaza chini, na kama inapatikana, mizani kama ile ya kupimia majani chai. Walio mlimani na wasio mlimani wote wakae pamoja. Msiwatenge vijana kando, maana kina mama ndio wanaobaki nyumbani wakingoja.

1. SWALI TULILOULIZA

Siku moja tuliketi na kikundi kimoja upande wa magharibi wa mlima. Tukauliza: ni nani hapa amewahi kuumwa na kichwa akiwa kule juu na mzigo? Mikono ikainuka karibu yote. Tukauliza tena: ni nani alimwambia kiongozi wa safari? Ikabaki mikono miwili.

Kijana mmoja akatujibu bila kuzunguka: "Mzee, nikisema kichwa kinauma, leo nateremshwa, na kesho nafasi yangu ina mtu mwingine. Afadhali ninyamaze nifike."

Mama mmoja aliyekuwa na mtoto wake katika kazi hiyo akatikisa kichwa, akasema: "Kumbe ndiyo sababu mkirudi hamsemi kitu."

Pale ndipo tulipoona kwamba kuna mambo mawili ya kujifunza. La kwanza ni ugonjwa wenyewe. La pili ni kunyamaza. Ugonjwa una dawa yake, na dawa hiyo ni kuteremka. Lakini mtu akinyamaza, hakuna atakayejua kwamba anahitaji kuteremka.

2. MLIMA TUNAOUONGELEA

Mlima Kenya ni wa pili kwa urefu Afrika baada ya Kilimanjaro. Kilele cha Batian kina mita 5,199, Nelion mita 5,188, na Lenana mita 4,985. Batian na Nelion ni za watu wa kamba na vyuma. Lenana hupandwa kwa miguu, na ndiyo sababu wageni wengi huishia hapo. Tunakumbuka pia kwamba Kisoi Munyao alipandisha bendera yetu huko Lenana wakati wa uhuru, Desemba 1963.

Tangu zamani mlima huu umepandwa kwa mabega ya wapagazi. Mwingereza Halford Mackinder alifika kilele cha Batian tarehe 13 Septemba 1899, pamoja na César Ollier na Joseph Brocherel. Majina hayo matatu yako vitabuni. Lakini safari yao ilikuwa na Waafrika zaidi ya 160, Waswahili kutoka pwani na Wakikuyu, waliobeba chakula, mahema na vyombo. Ni wangapi kati yao tunaowajua kwa majina? Mpagazi amezoea kusahauliwa. Basi kikundi kisimsahau.

3. HEWA NYEPESI

Mtu anayepika kule juu amekwisha kuona jambo hili kwa macho yake. Kwenye kambi ya Mackinder, yapata mita 4,200, maji yanachemka na kutoa povu, lakini maharagwe hayaivi. Ukichemsha hata nusu siku, bado ni magumu. Sababu ni kwamba maji ya huko yanachemka kabla hayajapata joto la kutosha, kwenye nyuzi 86 hivi, badala ya 100 kama ya Mombasa. Pakiti ya biskuti nayo inavimba kama inataka kupasuka. Yote mawili yanatokana na jambo moja: hewa ya kule haina uzito kama ya huku chini.

Na mwili nao unaona hivyo hivyo. Kwenye kambi hiyo, pumzi 10 zinakupa oksijeni ya kama pumzi 6 za Mombasa. Lenana inapungua zaidi, karibu nusu. Mwili unaweza kuzoea, Mungu ameuumba hivyo, lakini unataka siku. Ukiupa siku, unapumua zaidi na damu inajirekebisha. Ukiunyima siku, unaugua. Ugonjwa huu tutauita ugonjwa wa mwinuko.

Kanuni ya waganga wa milimani ni hii: ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne, pumzika siku nzima. Sasa tupige hesabu ya mlima wetu. Njia ya Naro Moru, watu hulala Met Station, yapata mita 3,050. Usiku unaofuata wako Mackinder, mita 4,200. Wamepanda mita 1,150 kwa siku moja, zaidi ya mara mbili ya kanuni. Njia ya Sirimon, kutoka Old Moses mita 3,300 hadi Shipton mita 4,200, ni mita 900. Barabara inatufikisha juu haraka, na mgeni ana siku chache za likizo. Kwa hivyo si ajabu watu wengi wakiugua.

Kuna maneno matatu tunayoyasikia vijijini. Tuyapime moja moja.

"Mimi nimezaliwa hapa mlimani, siwezi kuugua." Umezaliwa kwenye mita 2,000 hivi. Kambi ya Mackinder iko zaidi ya mara mbili ya hapo. Kuzaliwa kwenye miteremko hakukupi kinga ya kutosha.

"Nimepanda mara nyingi, mwili umezoea." Umezoea kama ulikuwa juu juzi. Ukikaa shambani wiki kadhaa ukipalilia, mazoea hayo yanaisha, na unaanza upya kama mgeni.

"Mimi nina nguvu." Ugonjwa huu hauangalii nguvu. Tena kijana mwenye nguvu ndiye anayepanda mbio na mzigo ili afike kambini mbele ya wageni, na huko ndiko kujitafutia ugonjwa.

4. DALILI ZA UGONJWA

Hatua ya kwanza: Kichwa kinauma. Pamoja na hilo, chakula hakitamaniki, tumbo linachafuka au unatapika, miguu inachoka kuliko kawaida, unaona kizunguzungu. Mara nyingi huanza saa 6 hadi 12 baada ya kufika mahali pa juu. Hatua hii ukiiheshimu, haikuui. Usipande tena. Pumzika hapo hapo, kunywa maji. Ukipata nafuu kabisa, unaweza kuendelea. Usipopata nafuu, teremka.

Hatua ya hatari, ya ubongo: Mtu anatembea kama mlevi na hali hajaonja kitu. Anasema maneno yasiyo na mpango, anakasirika ovyo, anakataa kuamka, au anasahau yuko wapi. Ubongo umevimba.

Hatua ya hatari, ya mapafu: Mtu anahema hata akiwa ameketi au amelala. Anakohoa, na baadaye makohozi yana povu, pengine lenye rangi ya damu. Midomo na kucha zinabadilika rangi. Mapafu yanajaa maji. Wengi hudhani ni homa ya mapafu ya kawaida, wakasema tungoje asubuhi. Asubuhi inaweza kuwa imechelewa.

Sasa simameni mfanye zoezi. Lazeni kamba chini, inyooke. Kila mmoja atembee juu yake, kisigino cha mguu wa mbele kikigusa vidole vya mguu wa nyuma, hatua 10. Mtu mzima wa afya anaweza. Kule juu, mwenzako akishindwa na zoezi hili, akayumba au kuanguka, usibishane naye kama ni uchovu. Huo ni ubongo. Anateremka sasa hivi, hata kama ni usiku.

5. LA KUFANYA

Teremka. Hakuna neno lingine kubwa kuliko hilo. Mtu mwenye dalili za hatari ateremshwe angalau mita 500 hadi 1,000, na aendelee kuteremka hadi apate nafuu. Kutoka Mackinder, hiyo ni kurudi upande wa Met Station.

Asiteremke peke yake. Mtu ambaye ubongo umevimba hawezi kujua njia. Anaweza kuketi kando ya njia "apumzike kidogo", asiamke tena. Aende na mtu anayemjua, anayesema lugha yake, aliyeelezwa kinachomsumbua.

Asibebe mzigo. Mzigo ubaki. Masanduku ya wageni hayaharibiki kwa kulala nje usiku mmoja.

Kuna vidonge vinavyosaidia, kama Diamox, na oksijeni ikiwepo apewe. Lakini dawa haichukui nafasi ya kuteremka. Mtu asimeze kidonge ili apate kuendelea kupanda na dalili za hatari.

Mkifika getini, waambieni askari wa KWS, na mgonjwa apelekwe hospitali hata kama anasema amepona.

6. BARIDI, MVUA NA JIKO

Si hewa peke yake. Usiku kwenye mita 4,200 maji huganda. Mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba huko juu hugeuka mvua ya mawe na theluji. Kijana aliyevaa suruali ya jinzi na fulana ya pamba, akilowa na upepo ukimpiga, anapoteza joto la mwili haraka sana.

Angalieni: kwanza anatetemeka. Kisha ulimi unakuwa mzito, anajikwaa, vidole havifungi kamba. Akiacha kutetemeka na bado ni wa baridi, msifurahi, amezidiwa. Mwingizeni hemani, mtoeni nguo zote zilizolowa, mmvishe kavu, mtu mwenye joto alale karibu naye. Kama yuko macho na anaweza kumeza, mpeni chai ya moto yenye sukari nyingi. Msimpe pombe. Msimsugue mikono na miguu kwa nguvu.

Na jiko la makaa lisilale ndani ya hema, hata kama baridi inauma namna gani. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Watu hulala wakisikia joto zuri, wasiamke. Hata nyumbani ni hivyo hivyo, wazazi mtusikie.

Mitumba inatosha. Sweta la sufu, kofia ya sufu, glavu, koti la mvua lisilopitisha maji, soksi mbili na viatu imara. Sufu hata ikilowa inahifadhi joto, pamba haihifadhi. Kikundi kinaweza kununua makoti machache na kuwaazima wanachama, vile mnavyoazimana sufuria za arusi.

7. KILICHOTOKEA NEPAL

Tuvuke bahari kidogo. Huko Nepal, kwenye milima ya Himalaya, wapagazi ni wengi kuliko wetu, na wana shida zile zile. Mwezi wa Oktoba 1997 kijana mmoja mpagazi aliugua ugonjwa wa mwinuko akiwa kazini na msafara wa wageni. Wageni hawakukosa pesa wala dawa. Lakini yeye aliachwa ateremke peke yake, akafa.

Watu waliosikia habari hiyo waliona aibu, na mwaka huo huo wakaanzisha kundi la kimataifa la kuwalinda wapagazi, linalojulikana kwa herufi IPPG. Liliandika kanuni ambazo wasafiri wa milimani duniani wanaombwa kuzifuata. Tunazieleza kwa maneno yetu:

Kwanza, mpagazi awe na mavazi ya kumkinga na baridi, mvua na theluji.

Pili, awe na mahali pa kulala pakavu, chakula na kinywaji cha moto.

Tatu, akiugua atibiwe sawasawa na vile mgeni angetibiwa, na awe na bima.

Nne, asifukuzwe kazini kwa sababu ya ugonjwa bila kiongozi kumwangalia. Asiteremshwe peke yake, na gharama za kumwokoa na kumtibu zipatikane.

Tano, mzigo usipite nguvu zake. Viwango vya juu vinavyotajwa ni kilo 20 Kilimanjaro, kilo 25 Peru na Pakistan, na kilo 30 Nepal. Njia ikiwa mbaya au hewa ikiwa mbaya, vipunguzwe.

Sasa leteni ule mtungi wa lita 20. Una maji ya kilo 20. Kila kijana ambaye hajabeba mlimani aubebe mgongoni, azunguke kanisa au shule mara mbili. Kina mama watacheka, maana hiyo ni safari yao ya mtoni kila siku, na wana haki ya kucheka. Halafu mkumbushane: hapo mmezunguka kwenye hewa nzito. Kule unapanda kutwa nzima, kwenye matope yanayofika magotini, kwa pumzi 6 badala ya 10. Kama mna mizani, kila mwenye mfuko wa kazi aupime, na msisahau kwamba blanketi na chakula chake mwenyewe navyo ni uzito.

8. KWA NINI WATU HUNYAMAZA

Turudi kwa yule kijana aliyetujibu. Hakuwa mjinga. Alizijua dalili pengine kuliko sisi. Alinyamaza kwa sababu alipiga hesabu: akisema, anapoteza ujira wa leo na kazi ya kesho. Akinyamaza, huenda akafika salama. Mtu maskini akiwekwa kati ya hasara ya hakika na hatari ya "huenda", atachagua "huenda". Ukimhubiria juu ya afya bila kuigusa hiyo hesabu, atakusikiliza kwa adabu, halafu apande na kichwa chake kinachouma.

Kwa hivyo kikundi kiguse hesabu yenyewe. Tunapendekeza mapatano matano:

a) Mwanachama akisema anaumwa, haulizwi mara mbili. Hachekwi hapo, wala hachekwi baadaye nyumbani.

b) Wanachama waende wawili wawili kwa kila safari, na kila mmoja awe mlinzi wa mwenzake. Mlinzi ndiye anayefanya zoezi la kamba kila jioni, na ndiye anayeteremka na mgonjwa.

c) Kabla ya safari, katibu au mwakilishi aongee na kampuni ya safari au kiongozi: uzito ni kiasi gani, watalala wapi, na mtu akiugua, yeye na anayemsindikiza watalipwa vipi. Mapatano yaandikwe hata kwenye karatasi ya daftari, pande zote ziweke sahihi.

d) Aliyeteremka kwa ugonjwa apate nafasi yake safari ijayo. Hakuna mwanachama atakayeinyakua.

e) Kiwepo kisanduku cha mlima, cha kuwalipa aliyeugua na aliyemsindikiza siku walizopoteza, kama kampuni imekataa.

9. HESABU YA KISANDUKU

Huu ni mfano tu, muweke viwango vyenu. Tuseme kikundi kina wanachama 15 wanaobeba mizigo, na kila mmoja huenda safari 2 kwa mwezi wakati wa msimu. Hizo ni safari 30. Kila mtu akirudi, anaweka Sh. 100. Kwa mwezi ni Sh. 3,000. Kwa miezi 4 ya msimu ni Sh. 12,000.

Tuseme ujira ni Sh. 1,000 kwa siku, na safari ni ya siku 5. Mwanachama anaugua siku ya pili jioni, anateremshwa na mlinzi wake. Kila mmoja amepoteza siku 3, ambazo ni Sh. 3,000. Wawili ni Sh. 6,000. Kwa hiyo kisanduku cha msimu mmoja kinaweza kubeba matukio mawili kama hayo bila kukopa. Kama msimu umeisha salama, pesa zibaki kwa mwaka unaofuata au zinunue makoti ya mvua.

Mtu atauliza: je, watu hawatajifanya wagonjwa wapate pesa za bure? Tuliulizwa hivyo na mweka hazina mmoja, na ni swali la haki. Angalieni vizuri. Anayejifanya mgonjwa hapati zaidi ya yule aliyemaliza kazi, na anakosa bakshishi ya wageni. Faida yake ni nini? Tena ana mlinzi wake shahidi. Lakini hata kama mmoja atawadanganya siku moja, linganisheni Sh. 3,000 na gharama ya jeneza. Sisi twaona ni afadhali kudanganywa mara moja kuliko kuzika mara moja.

Kisanduku kiwe na funguo mbili kwa watu wawili, na kiandikwe katika kitabu chake, si katika kitabu cha mzunguko wa kila mwezi. Pesa za mlima zikichanganywa na za viti na sufuria, siku ya shida hazitaonekana.

10. NENO LA MUNGU

Someni Wagalatia sura ya 6, aya ya 2, halafu aya ya 5. Aya zote mbili zinaongea juu ya mizigo. Ya kwanza inatutaka tusaidiane. Ya pili inamrudisha kila mtu kwa mzigo wake mwenyewe. Je, mtume Paulo anajipinga?

Mpagazi anaweza kutueleza vizuri kuliko mhubiri. Kuna kilo zako ulizopewa asubuhi, nazo utazibeba mwenyewe. Usimtupie mwenzako kwa uvivu. Lakini kuna mzigo ambao hakuna bega moja linaloweza kuubeba: ugonjwa usiku wa manane, njia ikiwa na giza, na hofu ya kurudi nyumbani mikono mitupu. Huo tunaubeba pamoja, au unamwua mtu.

11. MASWALI YA KUJADILIANA

1. Ni kazi gani katika kijiji chetu ambazo watu hufanya wakificha ugonjwa? Huficha kwa sababu gani?

2. Kijana akirudi kutoka mlimani kabla ya siku yake, huwa tunamwambia nini? Maneno hayo yanamsaidia au yanamfundisha kunyamaza?

3. Taja dalili tatu za hatari bila kuangalia gazeti.

4. Katika mapatano yale matano, lipi ni gumu zaidi kwetu? Tutaanza na lipi?

5. Kina mama na wazee wasiopanda mlima watasaidia vipi kisanduku kisife?

KAZI YA MWEZI HUU

Kabla ya mkutano ujao, wanachama wanaobeba mizigo wajigawe wawili wawili na majina yaandikwe na katibu. Makoti ya mvua yaliyopo kijijini yahesabiwe. Mchango wa kwanza wa kisanduku uwekwe, hata kama ni shilingi kumi kumi, mradi uwekwe mbele ya watu wote.

Na siku mwanachama atakapoteremka mapema, akiwa amemshika mwenzake mkono, wote wawili wamelowa na hawana ujira, kikundi kiende kuwapokea. Wapewe uji wa moto, na kisanduku kifunguliwe mbele yao siku hiyo hiyo. Vijana wengine watakuwa wanatazama. Wakiona hivyo mara moja, safari ijayo atakayeumwa na kichwa atasema.

Mungu awabariki na awarudishe salama.